Dawa Nyeupe ya Upele: Tuijue, Tuitumie, na Tuiogope Kidogo



Shule zikifunga, mama wa Ukambani hupokea vitu viwili kutoka bwenini: sanduku la nguo chafu na mtoto anayejikuna. Anajikuna katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makalioni, na usiku ndipo kazi inapoanza haswa. Mwezi mmoja baadaye nyumba nzima inajikuna. Basi mama anaenda kwa kemisti, anarudi na chupa ya dawa nyeupe kama maziwa iliyoandikwa BBE, anampaka yule mtoto. Mtoto anapata nafuu. Halafu baada ya wiki chache mambo ni yale yale, na majirani wanasema, "Hizi dawa za siku hizi ni maji matupu."

Dawa si maji. Mara nyingi sisi ndio tunaoikosea. Na kuna kosa lingine kubwa kuliko hilo, ambalo kikundi chetu kililifanya na nusura litugharimu mtoto. Nitalieleza, lakini kwanza tuijue dawa yenyewe.

NDANI YA CHUPA MNA NINI?

BBE ni kifupi cha emulshoni ya benzili benzoeti. Emulshoni ni mafuta yaliyopigwapigwa ndani ya maji mpaka yakawa matone madogo sana yasiyoonekana kwa macho, kama vile mafuta yalivyo ndani ya maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana zote mbili ni nyeupe. Shikeni neno hilo la maziwa, tutalirudia.

Benzili benzoeti ni ya ukoo unaoitwa esta. Asidi ikiungana na alkoholi, maji kidogo hutoka, na kinachobaki ni esta. Huu ni ukoo wa harufu. Ile harufu ya ndizi iliyoiva hutoka kwa esta. Katika hii yetu wazazi ni wawili, asidi ya benzoiki na alkoholi ya benzili. Jina la benzoiki limetoka mbali kidogo: Waarabu waliuita utomvu fulani unaonukia "lubani jawi", yaani ubani wa Java, na wataalamu wa Ulaya wakalikata jina hilo na kulipinda mpaka likawa benzoini. Asidi hiyo waliipata kwa kuupasha utomvu huo moto.

Esta yenyewe imo pia katika maua. Mafuta ya mlangilangi, ule mti wa Pemba na Unguja ambao maua yake hupambia maharusi, yana benzili benzoeti. Asumini nayo inayo. Lakini msije mkachuma asumini na kumsugua nazo mtoto! Katika ua ni kidogo mno. Iliyo chupani hutengenezwa kiwandani na kupimwa, kawaida gramu 25 katika kila mililita 100.

Ikiwa safi, kabla ya kutiwa maji, benzili benzoeti ni mafuta mazito yasiyo na rangi, yenye harufu nzuri hafifu. Huchemka kwenye nyuzi 323 hivi, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 100. Maana yake ni kwamba hayakimbii hewani upesi. Watengenezaji wa manukato huyapenda kwa sababu hiyo: huzishikilia zile harufu nyepesi zisipotee, na marashi yakakaa kwenye nguo hadi jioni. Someni makaratasi ya sabuni za kunukia, mara nyingine mtaliona jina hili. Pia hulainisha aina fulani za plastiki, na viwandani hutumiwa kwa kazi hiyo. Kwa hivyo msiihamishe dawa kutoka kwenye chupa yake na kuitia kwenye plastiki yoyote mliyookota. Huenda plastiki ikalegea, ikavuja.

Kuhusu moto: si kama petroli wala mafuta ya taa. Hailipuki. Mafuta yenyewe yanahitaji kupashwa hadi karibu nyuzi 148 ndipo mvuke wake ushike moto. Hata hivyo ni mafuta, na nguo iliyolowa dawa isikaribie jiko wala koroboi.

TIKISA CHUPA. TIKISA TENA.

Jambo hili wengi hulipuuza. Mafuta ya kupikia yakitiwa ndani ya maji huelea juu. Benzili benzoeti ni kinyume: lita moja yake ina uzito wa kilo 1.12 hivi, kwa hivyo ni nzito kuliko maji na huzama. Chupa ikikaa rafuni muda mrefu, dawa hushuka polepole. Sasa fikirini nyumba ya watu sita wanaotumia chupa moja bila kuitikisa. Wa kwanza anapata karibu maji matupu na hapati nafuu. Wa mwisho, ambaye mara nyingi ni mtoto mdogo kwa sababu mama alianza na wakubwa, anapata ile nzito ya chini, na ngozi inamuwaka kama pilipili. Halafu wote wanailaumu dawa.

Baridi nayo ina mambo yake. Mafuta haya yakiwa safi huganda kwenye ubaridi wa karibu nyuzi 20, na mwezi wa Julai huku kwetu, hasa Mua na Iveti, usiku huwa na baridi kuliko hiyo. Emulshoni iliyowekwa mahali pa baridi sana inaweza kuvunjika. Mkiona chembechembe au tabaka mbili, msiweke chupa motoni. Itieni ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, mngoje, kisha mtikise. Ikirudi kuwa nyeupe sawasawa kama mwanzo, itumieni. Ikikataa, irudisheni kwa aliyewauzia. Ni haki yenu.

MDUDU MWENYEWE

Upele huu husababishwa na mdudu mdogo wa jamii ya kupe na utitiri. Jike, ambaye ndiye mkubwa, hafiki hata nusu milimita. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku, na mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Mwasho unatokana na mwili kuwakataa wadudu na uchafu wao. Mtu ambaye hajawahi kupata upele huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa, na siku zote hizo anaweza kuambukiza wengine. Aliyewahi kuupata huwashwa ndani ya siku chache tu.

Hapo ndipo tunapokosea. Mtoto aliyetoka bwenini anajikuna, nduguye hajikuni, tunasema nduguye ni mzima. Kumbe wamelala kitanda kimoja kwa wiki mbili na wadudu wamehamia kwake zamani, ila mwili wake haujaanza kulalamika. Ukimpaka mmoja na kumwacha mwingine, unafukuza kuku shambani kupitia lango moja huku lango la pili liko wazi.

Na tuache kuwaonea watu haya. Upele si dalili ya uchafu. Unapita kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda: kulala pamoja, kubeba mtoto, kushikana mikono kwa muda mrefu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na hukadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Wala si mwasho tu. Mtoto akijikuna ngozi hupasuka, bakteria huingia, hupata vidonda vya usaha, na baadhi ya bakteria hao huweza kuleta madhara kwenye figo. Mtoto akivimba uso au kukojoa mkojo wenye rangi ya chai baada ya vidonda vya upele, mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

JE, TUCHEMSHE MABLANKETI YOTE?

Swali hili huulizwa na kila kikundi, na kwa Ukambani ni swali la maana, kwa sababu maji ya kuchemshia mablanketi manane ni punda wangapi kutoka mtoni?

Jibu lilipatikana Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Upele ulikuwa umeenea jeshini, na wakubwa waliamini kwamba unaletwa na mablanketi. Mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby, alikusanya mjini Sheffield vijana waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao na waliokuwa tayari kusaidia kwa njia nyingine. Akawalaza ndani ya mablanketi na nguo za ndani zilizotoka kwa askari wenye upele, bila kufuliwa. Alitazamia wote waupate. Karibu wote hawakuupata! Ila walipolala kitanda kimoja na wagonjwa, waliupata. Alihesabu pia wadudu katika miili ya askari na kukuta kwa wastani majike 11 hivi kwa mtu mmoja, ambao ni wachache kuliko tunavyodhani. Na alionyesha kwamba benzili benzoeti, ikipakwa vizuri kila mahali kuanzia shingoni kwenda chini, huponya hata ikitumiwa mara moja kwa wengi.

Kwa hivyo maji machache mliyo nayo yatumieni kwanza kuogea. Nguo na shuka zilizotumika katika siku tatu zilizopita fueni kwa maji ya moto kama yapo, anikeni juani. Mablanketi yasiyofulika yafungieni ndani ya gunia kwa siku nne, kwani mdudu akikosa ngozi ya mtu hufa baada ya siku mbili au tatu. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini wengi wetu tuna yale magunia ya kuhifadhia mahindi yasiyopitisha hewa. Lililotoboka na lisilofaa tena kwa mahindi linafaa sana kwa kazi hii.

KUPAKA

Oga kwa maji ya kawaida na sabuni, si maji ya moto. Jikaushe, ungoje mwili upoe. Ngozi ikiwa ya moto au imesuguliwa sana, dawa huchoma zaidi.

Paka kutoka shingoni hadi nyayo, si pale panapowasha tu. Katikati ya vidole vya mikono na miguu, chini ya kucha (zikateni kwanza), kwapani, kitovuni, chini ya matiti, makalioni, sehemu za siri. Mgongoni mtu apakwe na mwenzake. Usiguse macho, pua, mdomo, wala vidonda vibichi. Mwenye vidonda vya usaha aende zahanati kwanza avitibiwe.

Mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 hutumia dawa ilivyo. Mtoto wa miaka 2 hadi 12, dawa kipimo kimoja na maji safi yaliyochemshwa na kupoa kipimo kimoja. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupakwa dawa nyepesi zaidi, kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, tena kwa saa 12 tu, lakini huyo apimiwe na muuguzi, msikisie nyumbani. Wa chini ya miezi sita msimguse kabisa kabla ya kumwona muuguzi. Mama mjamzito naye aulize, maana yeye hupakwa mara moja tu na kwa muda mfupi. Anayenyonyesha aoshe matiti vizuri kabla ya kumpa mtoto, kisha ajipake tena. Mtoto mdogo avalishwe soksi mikononi asilambe vidole.

Dawa hukaa mwilini saa 24, ndipo unaoga. Ukinawa mikono kabla ya hapo, na lazima utanawa kwa sababu kuna ugali wa kusonga, paka mikono tena. Wadudu wengi wanaishi mikononi, na wanawake wengi hawaponi kwa sababu ya hapo tu. Kurudia hufuata maagizo ya zahanati: wengine husema siku inayofuata, wengine baada ya wiki. Sababu ya kurudia ni mayai.

Kuchoma kidogo kwa dakika kadhaa ni kawaida. Kukiwaka sana, au ngozi ikivimba, oga kwa sabuni uitoe dawa yote na uende zahanati. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15.

KOSA LETU

Sasa lile kosa. Sisi ni wanawake kumi na wanane, kikundi cha mwethya cha kulima matuta na kuchanga pesa. Tulichanga tukanunua BBE kwa pamoja ili iwe nafuu, wazo ambalo bado naona lilikuwa zuri. Lakini chupa zilikuwa chache kuliko nyumba. Tukakaa chini ya mwembe, tukaigawa kwa kikombe ndani ya chupa za soda. Kila mmoja akaenda nayo kwake, amefurahi.

Siku ya pili, mtoto wa miaka mitatu wa mwenzetu aliiona chupa chini ya kitanda. Ilikuwa na kitu cheupe. Mtoto anajua kitu cheupe ndani ya chupa ni nini, maana maziwa ya chai huletwa kutoka dukani ndani ya chupa hizo hizo. Akanywa. Sijui alikunywa kiasi gani, labda fundo mbili. Susu yake alimkuta analia na kutapika, kisha akaanza kulegea.

Tulikusanyika tukipiga kelele. Mmoja alitaka kumtia vidole kooni atapike yote. Mwingine alikuja mbio na kikombe cha mafuta ya kupikia. Kwa bahati mwalimu mmoja jirani alitukataza, akatafuta pikipiki. Hospitalini daktari aliuliza, "Amekunywa nini?" Tukasema, dawa ya upele. "Dawa gani? Chupa iko wapi?" Tukampa chupa ya soda. Nakumbuka alivyoitazama. Ilibidi pikipiki irudi nyumbani kutafuta chupa ya kwanza yenye maandishi, saa nzima imepotea. Mtoto alilazwa siku mbili. Alipona, namshukuru Mungu, na sasa anasoma. Lakini mama yake alinuna nasi kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Baadaye tulielezwa. Ikipita kwenye ngozi, kiasi kidogo kinachoingia mwilini huvunjwa kuwa wale wazazi wawili, alkoholi nayo hugeuzwa asidi ya benzoiki, na ini huifunga asidi hiyo pamoja na kitu kingine ili itoke kwa mkojo. Ini la mtu mzima linaiweza kazi hiyo. Lakini mtoto akinywa, ni nyingi kwa mara moja, na inaweza kumletea degedege. Kichanga ini lake bado changa, ndiyo sababu yake hata ya kupaka hupunguzwa. Msidanganyike kwa kuwa benzoeti ya sodiamu hutiwa kwenye sosi na sharubati isiharibike. Huko ni kidogo sana, na si kitu kile kile.

Mtu akinywa BBE: usimtapishe, usimpe mafuta. Futa mdomo, ukimwona analegea au anapata degedege mlaze kwa ubavu, na mpeleke hospitalini upesi PAMOJA NA CHUPA.

Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba dawa haitoki kwenye chupa yake. Nyumba zisizo na chupa ya kutosha huja kupakia mahali pamoja. Ya mtoto huchanganywa ndani ya kikombe pale pale, inatumika na kuisha, haiwekwi akiba. Iliyobaki chupani inafungiwa juu, ndani ya sanduku. Na paka asiipate kabisa, wala kulala juu ya mtu aliyepakwa, kwani paka huathirika vibaya na dawa hii.

YASIYO BADALA

Nimesikia watu wanaopaka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wanasema ikiwa inaua kupe, itaua na mdudu wa upele. Huenda ikamuua. Na wewe pia inaweza kukuua, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupenya ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu, na ngozi iliyokunwa hupitisha zaidi. Vile vile ivamektini ya sindano ya ng'ombe si ya kunywa. Ipo ivamektini ya watu, ni vidonge, na ni dawa nzuri ya upele, lakini daktari ndiye hupima, na hawapewi watoto wa chini ya kilo 15 wala akina mama wajawazito.

Kemisti anaweza kukuonyesha krimu ya pamethrini. Nayo ni esta, tena kwa kawaida haichomi sana, ila bei yake huwa juu. Katika nchi kadhaa za Ulaya, miaka ya karibuni, madaktari wameona krimu hiyo ikishindwa kwa wagonjwa wengi, na wengine wamerudi kwenye benzili benzoeti, hii dawa ya mababu. Kwa hivyo asikuambie mtu kwamba BBE imepitwa na wakati.

KIKUNDI KIFANYE NINI KABLA YA LIKIZO

Andikeni majina ya wote wanaolala katika kila boma: baba anayerudi kutoka Nairobi mwisho wa mwezi, kijana wa kuchunga, susu. Hasa susu. Katika nyumba yangu mwenyewe tulipaka watu sita, upele ukarudi, tukapaka tena, ukarudi, mpaka mhudumu wa afya wa kijiji aliuliza hawa wadogo wawili wanalala wapi. Wanalala kwa susu yao. Susu alikuwa anajikuna kimya kimya miezi mitatu, akidhani ni ngozi ya uzee. Wazee wengine hupata upele wa magamba mazito, wenye wadudu maelfu na mwasho mdogo. Huyo BBE peke yake haimtoshi, apelekwe kwa daktari.

Majina yakishapatikana, hesabuni chupa. Mtu mzima akipaka vizuri mara mbili hutumia zaidi ya nusu ya chupa ya mililita 100, kwa hivyo chupa moja kwa nyumba ya watu saba ni kupoteza pesa. Ni heri mngoje mwezi mmoja mchange zaidi, mpake wote. Chagueni siku moja, jioni, isiwe ya soko, na maboma yote yanayolaliana watoto yapake jioni hiyo hiyo. Mwambieni mhudumu wa afya aje asimamie vipimo vya watoto.

Baada ya kupaka, mwasho hauishi kesho. Wadudu wamekufa lakini mizoga yao bado imo ndani ya ngozi, na mwili utalalamika wiki mbili hadi nne. Wengi hufikiri dawa haijafanya kazi, wanapaka kila siku, mpaka ngozi inakauka na kupasuka na kuwasha kuliko mwanzo. Pakeni mara mlizoambiwa, basi. Kucha ziwe fupi, tumieni mafuta ya kawaida ya kujipaka. Wiki nne zikipita na mwasho upo, au mkiona vijipele vipya, rudini zahanati mkiwa na ile orodha ya majina, mwangalie ni nani hakupakwa.